Rekodi Mbili na Mchezo Mmoja: Ulinganisho wa Earle Bruce na John Cooper katika Chuo Kikuu cha Ohio State, 1979–2000

Ikisiri

Makala hii inalinganisha rekodi za makocha wawili waliopokezana timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Ohio State, yaani Earle Bruce (1979–1987) na John Cooper (1988–2000). Kwa hesabu ya michezo yote, Bruce yuko mbele kwa takribani alama nne za asilimia. Makala inaonesha kwamba sehemu kubwa ya pengo hilo inatokana na mchezo mmoja wa kila mwaka, ule wa Ohio State na Michigan, na kwamba mchezo huo pamoja na michezo ya mwaliko ikiwekwa kando, Cooper ndiye anayetangulia. Hoja inayojadiliwa ni iwapo mchezo mmoja unaweza kubeba hukumu ya kazi ya miaka 13, na ni kwa kiasi gani takwimu zenyewe zinaruhusu hukumu hiyo.

1.0 Utangulizi

Siku ya Jumatatu, tarehe 16 Novemba 1987, ilitangazwa kwamba Earle Bruce ataachishwa kazi ya ukocha wa Ohio State msimu utakapomalizika. Msimu ulikuwa umebakiza mchezo mmoja tu, dhidi ya Michigan, huko Ann Arbor, Jumamosi iliyofuata. Mkurugenzi wa michezo wa chuo, Rick Bay, alijiuzulu kwa kupinga uamuzi huo. Jumamosi hiyo wachezaji walijifunga vichwani vitambaa vyenye jina la kocha wao, wakashinda kwa pointi 23 kwa 20, kisha wakambeba Bruce mabegani. Aliondoka akiwa ameifunga Michigan mara tano na kufungwa nayo mara nne.

Miaka 13 baadaye, Januari 2001, mrithi wake John Cooper naye aliachishwa kazi. Alikuwa ameshinda michezo 111, idadi ambayo kabla yake ilipitwa na kocha mmoja tu katika historia ya chuo hicho, Woody Hayes. Dhidi ya Michigan, hata hivyo, alikuwa ameshinda mara mbili, akatoka sare mara moja na kushindwa mara kumi. Tangu hapo, jina la Cooper likitajwa katika mjadala wowote wa futiboli ya vyuo, namba inayotajwa kwanza ni hiyo ya pili, si ile 111. Watu wa Ohio huitaja kwa uchungu na watu wa Michigan huitaja kwa furaha, lakini pande zote mbili huitaja.

Makala hii haikusudii kumtetea Cooper wala kumshtaki. Inakusudia kuuliza swali jembamba zaidi: rekodi za makocha hawa wawili zinapolinganishwa, tofauti iko wapi hasa? Jawabu la haraka, kwamba mmoja alikuwa kocha bora kuliko mwenzake, halijengeki juu ya takwimu kama linavyodhaniwa.

2.0 Mazingira ya ulinganisho

Msomaji aliyezoea soka anahitaji maelezo machache. Futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani huchezwa na wanafunzi, lakini makocha wake ni waajiriwa wa kudumu wanaolipwa vizuri na kutazamwa na jimbo zima. Katika kipindi kinachojadiliwa, timu ilicheza michezo 11 hivi ya kawaida kati ya Septemba na Novemba. Timu zilizofanya vizuri zilialikwa kucheza mchezo mmoja zaidi mwishoni mwa Desemba au mwanzoni mwa Januari. Huo ndio ninaouita hapa mchezo wa mwaliko; mkongwe na mashuhuri kuliko yote ni Rose Bowl, unaochezwa Pasadena, California. Ohio State na Michigan ni wanachama wa ligi moja, Big Ten. Timu hizi zilikutana kwa mara ya kwanza mwaka 1897, na kuanzia 1918 zikawa zinakutana kila mwaka. Katika misimu yote 22 ya Bruce na Cooper, kwa Ohio State mchezo huo ulikuwa wa mwisho kabla ya michezo ya mwaliko.

Kiswahili kina istilahi inayofaa sana kwa uhusiano huu: watani wa jadi. Lakini Simba na Yanga hukutana angalau mara mbili kwa msimu wa ligi, na aliyefungwa mzunguko wa kwanza hupata nafasi ya kujibu mzunguko wa pili. Ohio State na Michigan hazikuwa na mzunguko wa pili. Aliyefungwa Novemba alisubiri Novemba nyingine, na kwa kuwa mchezo ulikuwa wa mwisho, ndio uliobaki kinywani mwa watu majira yote ya baridi.

Uteuzi wa makocha hawa wawili, badala ya Cooper na mrithi wake Jim Tressel, una sababu ya kimbinu. Tressel alishinda uwanjani michezo 106 na kupoteza 22 kati ya 2001 na 2010, lakini ushindi 12 wa msimu wa 2010 ulifutwa baadaye kwa ukiukaji wa kanuni, hivyo rekodi yake rasmi ni 94 kwa 22. Anayemlinganisha analazimika kwanza kuamua ni rekodi ipi iliyo ya kweli. Kwa Bruce na Cooper swali hilo halipo. Pia wanalingana kwa wastani wa michezo kwa msimu: Bruce alicheza 108 katika misimu tisa, na Cooper 158 katika misimu 13, yaani takribani 12 kwa kila msimu kwa wote wawili.

Kuna jambo moja la kuamua kabla ya kuhesabu, nalo ni sare. Futiboli ya vyuo iliachana na sare mwaka 1996 kwa kuingiza muda wa ziada hadi mshindi apatikane. Kabla ya hapo Bruce alikuwa na sare moja na Cooper nne. Nimefuata utaratibu uliozoeleka wa kuihesabu sare kuwa nusu ya ushindi.

3.0 Hesabu

Rekodi zilizomo katika jedwali zimeandikwa kwa mpangilio wa kushinda, kushindwa na sare. Katika mabano ni asilimia ya ushindi.

Jedwali 1: Rekodi za Bruce na Cooper katika Ohio State

| Kundi la michezo | Bruce | Cooper |
|---|---|---|
| Michezo yote | 81-26-1 (75.5) | 111-43-4 (71.5) |
| Dhidi ya Michigan pekee | 5-4-0 (55.6) | 2-10-1 (19.2) |
| Bila Michigan | 76-22-1 (77.3) | 109-33-3 (76.2) |
| Bila Michigan na bila michezo ya mwaliko | 71-19-1 (78.6) | 106-25-3 (80.2) |

Mstari wa kwanza ndio unaojulikana. Mstari wa tatu ndio ulionisukuma kuandika makala hii. Mchezo wa Michigan ukiondolewa, pengo la alama nne linapungua hadi alama moja, tofauti ambayo mtafiti makini hawezi kujenga juu yake hoja yoyote. Ikiondolewa na michezo ya mwaliko, ambamo Bruce alishinda mara tano na kushindwa mara tatu ilhali Cooper alishinda mara tatu na kushindwa mara nane, mizani inageuka na Cooper anatangulia.

Maana yake ni kwamba katika Jumamosi za kawaida za Septemba na Oktoba, mbele ya Indiana, Purdue au Illinois, Ohio State ya Cooper haikuwa dhaifu kuliko ya Bruce. Pengine ilikuwa na nguvu kidogo zaidi. Udhaifu wake ulikusanyika mwishoni mwa msimu.

Hapa pana pingamizi ambalo mtahini yeyote angelitoa. Msimu wa kwanza wa kocha huchezwa na wachezaji aliowakuta. Bruce, aliyewahi kuwa msaidizi wa Hayes, alirithi kikosi cha Hayes mwaka 1979 na kushinda michezo 11 mfululizo, kisha akapoteza Rose Bowl kwa pointi moja tu, 17 kwa 16, mbele ya Southern California. Cooper alipoanza mwaka 1988 alishinda minne, akashindwa sita na kutoka sare mmoja. Ohio State haikuwa imemaliza msimu ikiwa na vipigo vingi kuliko ushindi tangu 1966. Misimu hiyo miwili ya kwanza ikiwekwa kando, Bruce anabaki na 70-25-1 (asilimia 73.4) na Cooper 107-37-3 (asilimia 73.8). Yaani hata michezo ya Michigan ikiachwa ndani ya hesabu, wawili hawa wanakuwa sawa. Siamini kwamba kuondoa msimu wa kwanza ni haki kamili, kwani kumwandaa mtu kushinda na kikosi alichokikuta nako ni ukocha. Ninachosema ni kwamba rekodi ya jumla ya Bruce imebebwa na msimu mmoja kwa kiasi kikubwa kuliko inavyokumbukwa. Baada ya 1979, kwa misimu sita mfululizo, kuanzia 1980 hadi 1985, alimaliza kila msimu kwa ushindi tisa na kushindwa mara tatu. Uthabiti wa namna hiyo ni nadra sana. Ulimletea pia shutuma kwamba hapandi wala hashuki.

4.0 Je, Michigan ya Cooper ilikuwa ngumu zaidi?

Watetezi wa Cooper husema kwamba alikutana na Michigan bora zaidi, na hoja hii inastahili kupimwa badala ya kupuuzwa. Tatizo ni kwamba rekodi ya Michigan yenyewe imenenepeshwa na ushindi wake dhidi ya Cooper. Tukitumia rekodi nzima tutakuwa tunazunguka palepale: Michigan ilikuwa bora kwa sababu ilimfunga Cooper, na Cooper alifungwa kwa sababu Michigan ilikuwa bora. Njia ya kutoka ni kuondoa mchezo wa Ohio State katika rekodi ya Michigan pia.

Kwa njia hiyo, Michigan ya miaka ya Bruce, yote chini ya kocha Bo Schembechler, ilikuwa na 75-24-1, sawa na asilimia 75.5. Michigan ya miaka ya Cooper, chini ya Schembechler kwa misimu miwili, Gary Moeller kwa mitano na Lloyd Carr kwa sita, ilikuwa na 111-31-3, sawa na asilimia 77.6. Iliimarika, lakini kwa alama mbili tu. Ndani ya kipindi hicho umo msimu wa 1997, ambao Michigan ilishinda michezo yote 12, na ushindi wake wa 20 kwa 14 dhidi ya Ohio State hauwezi kuhesabiwa kuwa fedheha ya Cooper.

Sasa ziwekwe timu mbili kando kwa kando. Mbele ya wapinzani wengine, Bruce alikuwa na asilimia 77.3 na Michigan 75.5: timu mbili zinazokaribiana mno. Zikikutana mara tisa, mtu angetarajia kila moja ipate nusu, na ndivyo ilivyokuwa, tano kwa nne. Mbele ya wapinzani wengine, Cooper alikuwa na asilimia 76.2 na Michigan 77.6: nazo zinakaribiana vilevile. Zikikutana mara 13, mtu angetarajia sita au saba kwa kila upande. Cooper alipata mbili na sare moja. Kama kila mchezo ungekuwa sawa na kurusha sarafu, basi katika michezo 12 iliyotoa mshindi, uwezekano wa kupata ushindi mbili au pungufu ni takribani mbili katika mia.

Mbili katika mia ni kidogo, lakini si muujiza. Tena ni lazima kukiri kasoro iliyomo katika swali lenyewe: sikumchukua Cooper kwa bahati nasibu, bali kwa sababu rekodi hii ndiyo iliyomfanya ajulikane. Makocha waliowahi kuongoza vyuo vikubwa ni wengi, na kila mmoja ana mtani wake. Katika kundi kubwa kama hilo, bahati peke yake ingetosha kumtoa mmoja au wawili wenye rekodi ya aina hii, nasi tungewaona hao tu. Kwa hiyo takwimu zinaturuhusu kusema kwamba jambo lisilo la kawaida lilitokea. Hazituruhusu kusema kwamba lilitokea kwa sababu ya moyo wa kocha.

5.0 Ushahidi wa michezo yenyewe

Namba za ushindi huficha ukubwa wa ushindi. Katika michezo 13, Michigan ilifunga pointi 298 na Ohio State ya Cooper 220, tofauti ya wastani wa pointi sita kamili kwa kila mchezo. Katika futiboli, pointi sita ni pungufu ya mguso mmoja na teke lake la ziada. Kati ya vipigo kumi, sita vilikuwa vya pointi nane au chini yake: 34 kwa 31 mwaka 1988, 16 kwa 13 mwaka 1990, 31 kwa 23 mwaka 1995, 13 kwa 9 mwaka 1996, 20 kwa 14 mwaka 1997 na 24 kwa 17 mwaka 1999. Aliyesoma matokeo haya bila kujua jina la kocha asingedhani anasoma habari ya timu iliyozidiwa. Bruce kwa upande wake aliizidi Michigan kwa jumla ya pointi 15 tu katika michezo yote tisa, 165 kwa 150. Tofauti kati ya kocha anayekumbukwa kwa kuiweza Michigan na yule anayekumbukwa kwa kushindwa nayo haifiki pointi nane kwa mchezo.

Hata hivyo, ipo michezo mitatu ambayo wastani hauwezi kuisafisha, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo iliyoandika hukumu. Mwaka 1993 Ohio State ilifika kwenye mchezo wa Michigan bila kupoteza hata mmoja, ikiwa na ushindi tisa na sare moja. Michigan ilikuwa imeshapoteza minne. Ohio State ilifungwa 28 kwa 0. Mwaka 1995 ilifika ikiwa na ushindi 11 kati ya 11, mbele ya Michigan iliyopoteza mitatu. Mkimbiaji wa Michigan, Tim Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Kanada, alikimbia yadi 313 siku hiyo, na msimu mkamilifu ukaishia hapo. Mwaka 1996 ilifika ikiwa na ushindi kumi kati ya kumi, nyumbani Columbus, tena mbele ya Michigan iliyopoteza mitatu. Iliongoza 9 kwa 0 hadi mapumziko. Mwanzoni mwa kipindi cha pili mlinzi wake mmoja aliteleza, mpokeaji Tai Streets akapita na mpira hadi mwisho wa uwanja, na Ohio State haikupata pointi nyingine. Baadaye timu hiyohiyo ilishinda Rose Bowl na kumaliza msimu katika nafasi ya pili nchini.

Hapa hoja ya timu zinazolingana haifanyi kazi. Kwa misimu hiyo mitatu, Ohio State ndiyo iliyokuwa bora kwa kipimo chochote hadi asubuhi ya mchezo. Wastani wa miaka 13 unasema timu zilikaribiana, lakini haukugawanyika sawasawa: Cooper alikuwa na nguvu zaidi ya mpinzani wake katika miaka ileile ambayo ushindi ungempa kila kitu, na ndiyo miaka aliyoshindwa. Mtu akiniuliza kama bodi ya chuo ilikuwa na sababu ya kutoridhika, nitamwonesha miaka hiyo mitatu na si jumla ya vipigo kumi.

Jambo jingine ambalo jumla inalificha ni uwanja. Cooper alicheza Ann Arbor mara sita na kupoteza zote. Ushindi wake wote miwili, 22 kwa 6 mwaka 1994 na 31 kwa 16 mwaka 1998, ulipatikana Columbus. Bruce alicheza Ann Arbor mara tano na kushinda tatu, ukiwemo ule wa wiki aliyoachishwa kazi.

6.0 Rekodi na mwenye rekodi

Kuna kejeli katika namna Cooper alivyofika Columbus. Januari 1987, akiwa kocha wa Arizona State, aliifunga Michigan 22 kwa 15 katika Rose Bowl. Baada ya msimu uliofuata aliajiriwa na Ohio State. Alikuja akiwa mgeni, mzaliwa wa Tennessee, katika kiti ambacho kabla yake kilikaliwa na Bruce, mhitimu wa chuo hichohicho, na kabla ya Bruce na Hayes. Ugeni haumo katika jedwali lolote, lakini unaathiri namna jedwali linavyosomwa. Mwaka 1992, baada ya sare ya 13 kwa 13, rais wa chuo Gordon Gee aliielezea sare hiyo kama mojawapo ya ushindi mkubwa wa chuo. Kauli ile imechekwa kwa zaidi ya miongo mitatu. Ilitolewa baada ya vipigo vinne mfululizo, na inaonesha jinsi kipimo cha mafanikio kilivyokuwa kimeshushwa hata kwa wale waliokuwa upande wa kocha.

Bruce naye hakuokolewa na ushindi wake tano. Msimu wake wa mwisho ulikuwa na ushindi sita, vipigo vinne na sare moja, na uamuzi wa kumwondoa ulitolewa kabla ya ushindi wa tano kupatikana. Kwa hiyo dai kwamba Ohio State humpima kocha kwa Michigan pekee nalo halisimami: mwaka 1987 kocha aliyekuwa sawa na Michigan, nne kwa nne, aliondolewa kwa sababu ya michezo mingine, na mwaka 2001 kocha aliyekuwa hodari katika michezo mingine aliondolewa kwa sehemu kubwa kwa sababu ya Michigan.

Wote wawili baadaye waliingizwa katika Jumba la Heshima la Futiboli ya Vyuo, Bruce mwaka 2002 na Cooper mwaka 2008. Hapo mtu hupimwa kwa kazi yake yote, ikiwemo ile ya vyuo vya awali: Iowa State kwa Bruce, Tulsa na Arizona State kwa Cooper. Columbus kipimo kilibaki kile cha Novemba. Tressel alipotambulishwa Januari 2001 katikati ya mchezo wa mpira wa kikapu, hakuzungumzia idadi ya ushindi wala ubingwa. Aliutajia umati idadi ya siku zilizobaki kabla ya mchezo wa Ann Arbor.